Mkate Uliong'atwa Mara Moja

Nilimtambua kwa kisogo. Alikuwa ameketi kwenye meza ya pembeni, ile inayotazama ndege, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya mpaka masikio yakaonekana makubwa kuliko nilivyoyaacha. Mwanamke akishampenda mtu hahitaji kuonyeshwa uso. Sinia nililobeba lilikuwa na glasi tupu, nazo zikaanza kugongana zenyewe.

"Hulkar!" Shavkat-aka aliniita kutoka kwenye tanuri la piza. "Hizo glasi zina homa?"

"Sinia limelowa tu, aka."

"Lipanguse. Halafu nenda kwa yule kijana wa dirishani. Wasafiri wa Istanbul wanaitwa muda si mrefu, na mimi sitaki mtu apande ndege na njaa aseme ni sisi."

Shavkat-aka ndiye bosi wangu; "aka" ni kaka, ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamume anayetuzidi umri. Ujanani aliosha sahani Italia, katika mji wa Rimini, na tangu arudi Samarkand anaendesha mkahawa huu wa uwanja wa ndege kana kwamba alizaliwa huko. Ukimwomba kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana anakutazama kama umemtukania mama yake. Lakini ana moyo mzuri, na ndiye aliyenipa kazi wakati mtaa mzima ulikuwa umenifanya mazungumzo ya chai.

Nilijikaza kisabuni, nikachukua kijitabu changu cha oda na kwenda.

"Karibu. Unakula nini?"

Doniyor aliinua macho. Yale macho. Nilikuwa nimeyakimbia tangu majira ya baridi, nimemfungia simu mwenyewe, nimebadilisha njia ya kwenda sokoni, na sasa yalikuwa yamenikalia mbele kama yana haki.

"Chochote cha haraka," alisema.

"Hapa kila kitu ni cha haraka. Chagua."

"Hulkar."

"Hulkar hayupo kwenye menyu. Kuna tambi za nyanya, kuna piza, kuna lazanya ya jana ambayo sikushauri."

Akatabasamu kidogo, na nikaliona lile jino lake la mbele lililovunjika kona, alilolivunja utotoni kwa kuanguka kutoka juu ya mparachichi—hapana, mti wa aprikoti, mwenyewe alipenda kunisahihisha kila nilipoisimulia hadithi hiyo vibaya. Nikageuza uso haraka. Mtu hawezi kutabasamiwa hivyo kazini akabaki mzima.

"Tambi," alisema. "Kama zile za kwenye ule mkahawa wa wanafunzi."

"Zile zilikuwa mbaya."

"Nilizila zote."

"Ulikuwa unanitazama mimi. Ungekula hata kamba za viatu."

Niliondoka kabla hajajibu. Nilipofika jikoni nikashika ukingo wa kaunta. Shavkat-aka alinitazama, akamtazama yule wa dirishani, akatia chumvi kwenye maji ya tambi bila kuniuliza kitu.

Doniyor ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja kwetu kutengeneza lango, kazi ya siku moja, ikamchukua wiki. Baba alisema yule ni fundi goigoi. Mimi nilijua ni kwa nini lile lango lilikuwa haliishi. Basi tukapendana, mapenzi ya kweli, ya kuamka asubuhi unacheka peke yako. Mpaka mama yake, Karomat, aliposikia jina langu.

Kwetu wazazi wakikubaliana, mkate huvunjwa katikati mbele ya wageni, na hapo binti ameshachumbiwa. Mkate wangu ulikuwa umevunjwa mara moja kabla sijamjua Doniyor, na watu wa Kattakurgan, kwa ajili ya kijana wao niliyemwona mara mbili tu. Kijana akaenda Urusi, akaoa huko, na aibu yake nikavishwa mimi. Karomat hakupepesa macho. Alisimama mlangoni kwake, majirani wanasikia, akasema, "Nina mtoto mmoja wa kiume, na simlishi kiporo cha watu."

Kiporo. Chakula kilicholala. Neno hilo lilinifikia kabla jua halijazama. Na Doniyor, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake wakati likisemwa, alinyamaza. Hilo ndilo lililonikata maini, si neno lenyewe. Usiku ule nilimfungia simu.

Tambi zilipoiva Shavkat-aka alizimwagia sosi, akaweka majani matatu ya mrehani juu, akanipa sahani. "Mwambie ale zikiwa moto. Na wewe," akashusha sauti, "kaa. Hakuna wateja."

"Wapo watatu, aka."

"Nimesema hakuna wateja."

Nikakaa. Meza ilikuwa ndogo, magoti yetu yalikuwa karibu kugusana chini yake, na mimi nikarudisha yangu nyuma.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Istanbul. Kisha Poland, Gdansk. Kwenye meli."

"Umekuwa baharia?"

"Nakwenda kuzichomelea. Mkataba wa miaka mitatu."

Miaka mitatu. Nilichukua kitambaa cha meza nikaanza kukunja kona yake. Nje, kwenye kioo, ndege moja nyeupe ilikuwa inapakiwa mabegi, na niliichukia kana kwamba ni mtu.

"Na ulikuwa unaondoka bila kuniambia."

"Ningekuambiaje? Simu umenifungia. Nilipita kwenu, baba yako akaniambia lango liko sawa, halihitaji fundi."

"Nilikufungia kwa sababu ulinyamaza."

"Najua."

"Mama yako aliniita kiporo, Doniyor, na wewe ukatazama viatu vyako."

"Najua, Hulkar. Kila nikilala naviona hivyo viatu."

"Kula. Zinapoa."

Akala. Alikula kama anayelipa deni, uma baada ya uma, sosi ikamgusa pembe ya mdomo, na mimi nilishikilia kitambaa changu kwa mikono miwili ili mkono usiende kumfuta. Mnaokaa na wapenzi wenu mkawafuta midomo mkasahau, hamjui mna nini.

"Watu wote wanapandia Tashkent," nilisema, ili nisiseme mengine. "Wewe kwa nini umepandia hapa?"

"Tiketi ya Tashkent ilikuwepo. Wakala alinishangaa nilipoikataa." Akaweka uma chini. "Tashkent hakuna wewe. Niliambiwa unafanya kazi huku ndani, baada ya ukaguzi. Nikasema, basi nitanunua tiketi ya kupita mbele yake. Hata asiponisemesha, nitakuwa nimekula chakula alichonibebea."

Niliangalia zile meza tupu, kile kioo, kila mahali isipokuwa uso wake, na nilimpenda wakati ule kiasi cha kumkasirikia.

"Nimekuletea kitu," alisema.

Akainama, akafungua begi la mkononi, akatoa kitu kilichofungwa kwa taulo nyeupe. Hata kabla hajakifungua harufu yake ilinifikia: unga uliounguzwa kidogo na ukuta wa tanuri, na ufuta. Mkate. Mkate wetu wa duara, mnene, unaong'aa, wenye maua yaliyochomwa katikati. Ulikuwa mzima. Haukuwa na alama yoyote.

Shavkat-aka alikuwa ameshaona, na alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta. Ana ugonjwa wa watu wanaoleta vyakula vyao.

"Kijana, samahani. Hapa chakula cha nje hakiru..."

Akaishia hapo. Aliutazama mkate, akautazama uso wa Doniyor, kisha wangu. Akavua kofia yake ya upishi.

"Haujang'atwa?" aliuliza polepole.

"Bado, aka."

"Wangu, mama yangu aliutundika mpaka nikarudi kutoka Rimini. Ulikuwa mgumu kama tofali. Niliuloweka kwenye chai nikaumaliza wote, na yeye ananitazama." Akafuta meza yetu ambayo haikuwa na uchafu. "Kaeni. Mkae mpaka mtakapoitwa." Akaondoka, na kwa muda mrefu nilisikia akipanga masufuria yaliyokuwa yamepangwa.

Ndivyo tulivyo. Mtu akienda safari ndefu hung'ata mkate mara moja mlangoni, na mkate huo hutundikwa ukutani. Riziki yake imebaki nyumbani, na lazima arudi aimalizie. Mama ndiye huushika mkate huo. Mama ndiye huutundika.

"Kwa nini ni mzima?" nilimuuliza. "Doniyor. Asubuhi mama yako hakukupa?"

"Alinipa. Alisimama mlangoni kaunyoosha kwa mikono miwili. Nikamwambia nitaung'ata akikutaja wewe kwa jina lako."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Tukasimama pale. Mjomba akapiga honi. Nikauchukua mkate kutoka mikononi mwake, nikauweka kwenye begi."

"Bila kuung'ata."

"Bila kuung'ata."

Nilimwona yule mama, mwenye ulimi wa wembe, amesimama kwenye mlango wake mikono imebaki wazi haina kitu.

"Akafanya nini?"

"Alifunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaingia kwenye gari. Hakunisemesha mpaka hapa."

"Yuko wapi sasa?"

"Nje. Unamjua, haondoki mpaka aione ndege imeruka." Akausukuma mkate mbele yangu. "Nimeuleta kwako. Nitaung'ata hapa, mbele yako, na wewe utaupeleka kwenu. Utautundika chumbani kwako. Si kwake. Kwako. Safari hii sikunyamaza, Hulkar."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaugusa ukingo wake. Nisikudanganye, msomaji, niliutaka ule mkate kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliuona juu ya kitanda changu. Nilijiona nikiamka kila siku nakuta meno yake yananisubiri.

"Jumapili kwetu kuna wageni," nilisema.

"Wageni gani?"

"Wa kutoka Jizzakh. Wanakuja na mikate."

"Baba yako kakubali?"

"Baba amechoka na maneno ya watu. Anasema mtu huyo ni mjane, mpole, ana duka. Kaniuliza kama nina neno, nikasema sina. Ningekuwa na neno gani? Wewe ulikuwa umenyamaza."

"Basi sasa unalo! Chukua huu." Aliinuka nusu, akakaa tena. "Baba yako akiukuta ukutani mkate wenye meno yangu, atavunjaje mkate wa mtu mwingine chini yake? Hawezi. Hakuna baba wa Samarkand anayeweza."

Alikuwa anasema kweli. Ndiyo maana ilikuwa inauma. Huo mkate ulikuwa ndio neno langu la Jumapili, na sikuwa na lingine.

"Wewe una wazimu," nilisema.

"Nini?"

"Una wazimu. Unaondoka miaka mitatu, unamwacha mama yako na ukuta mtupu?"

"Yule aliyekuita..."

"Najua aliniita nini! Mimi ndiye niliyeitwa, si wewe." Wateja wawili waligeuka, nikashusha sauti. "Kaka yangu Asror yuko Urusi. Mkate wake uko juu ya friji yetu. Mama akiamka, kabla hajawasha jiko, anaugusa. Anausalimia, Doniyor. Siku moja niliupangusa vumbi nikauhamisha kidogo tu, alipouona haupo mahali pake alikaa chini sakafuni. Alidhani kaka amekufa. Sasa wewe unataka Karomat awe anaamka anagusa nini?"

Akautazama mkate.

"Ukipata homa huko Gdansk atasema ni kwa sababu hukung'ata. Ukichelewa kupiga simu atasema hukung'ata. Na atakuwa ananichukia mimi kila asubuhi, kwa jina, lile jina ulilotaka alitaje."

"Kwa hiyo hunitaki," alisema, na sauti ilimkatika.

"Mjinga wewe. Nakutaka mpaka naona aibu. Ung'ate."

"Halafu?"

"Halafu nitampelekea mama yako huko nje. Mlango wa wafanyakazi uko pale."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni yangu. Niachie."

Tangazo likaita. Wasafiri wa kwenda Istanbul, lango namba mbili. Watu wakaanza kuinuka, watoto wakavutwa mikono, na Doniyor alibaki amekaa akinitazama kama mtu anayekariri.

"Nikiung'ata ukampa yeye, wewe unabaki bila kitu," alisema.

"Ng'ata."

Akauinua kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akang'ata. Hakung'ata kidogo. Alitafuna taratibu, machozi yanamshuka pembeni mwa pua, na makombo ya ufuta yakadondoka kwenye sosi ya nyanya. Kisha akanipa. Kwa muda tulikuwa tumeushika pamoja, yeye upande wake na mimi wangu, na vidole vyetu havikugusana kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na kwa sababu kama vingegusana nisingemwachia.

"Nakupenda," alisema.

"Nimesikia. Malizia tambi zako."

Alitazama sahani. Nusu ilikuwa bado imejaa. Akaisukuma kwangu.

"Simalizii. Na hapa pia nimeacha riziki."

"Tambi hazitundikwi ukutani, Doniyor."

"Basi utatafuta pa kuziweka," alisema, akajaribu kucheka, ikashindikana. Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akachukua begi na kwenda. Nilimtazama mpaka lile kundi la watu likammeza. Kisogo tena. Safari hii aligeuka.

Shavkat-aka alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa safi cha meza, kile chenye miraba myekundu na myeupe.

"Ufunge huu," alisema. "Usiulaze kifudifudi. Na vua aproni, hutaki kwenda kwa mama wa mtu na sosi tumboni."

"Na wateja, aka?"

"Nimeshakwambia hakuna wateja."

Nje kulikuwa na jua kali la mchana na upepo. Familia zilikuwa zimesimama kando ya uzio kama kawaida yao, wengine wamepanda juu ya vyungu vya saruji vya maua ili waone vizuri. Karomat alikuwa peke yake mwishoni kabisa, mwembamba, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, mkono wa kulia ameubana tumboni kwa sababu ya bega lake bovu. Ndani ya gari mjomba alikuwa amelala mdomo wazi.

"Assalamu alaykum, mama."

Aligeuka. Alinijua papo hapo.

"Wewe."

"Mimi."

"Umekuja kunicheka."

"Hapana, mama."

"Cheka tu. Mwanangu kaenda kaninyima hata alama ya meno yake. Kwa ajili yako." Alirudi kutazama uzio. "Haya, cheka, uende."

Nikafungua kile kitambaa cha miraba nikamnyooshea kwa mikono miwili, kama ninavyodhani yeye alivyokuwa amemnyooshea mwanawe asubuhi.

Hakuupokea mara moja. Aliinama akauchungulia. Pale mkate ulipong'atwa palikuwa na kijipande kidogo kilichobaki kimesimama katikati, pale ambapo jino lililovunjika halikufika. Karomat alikipitishia kidole.

"Hili jino," alisema. "Nilimwambia asipande ule mti. Nilimwambia."

Halafu akalia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama anayekohoa, amejikunja juu ya mkate, na mimi nikasimama upande wa upepo ili vumbi lisimpate. Ndege ilikuwa imeanza kutembea. Tukaitazama wote wawili, ikazunguka, ikakimbia, ikaacha ardhi. Nilipiga moyo konde nisimlilie mtu mbele ya mama yake, nikashindwa.

Ilipokuwa imebaki kitone, Karomat alijifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Aliung'atia wapi?"

"Ndani. Kwenye mkahawa ninapofanya kazi. Alikula tambi."

"Alikuambia uulete kwangu?"

Ningeweza kudanganya, na uongo huo ungekuwa mtamu kwake. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Hapana. Alitaka niupeleke kwetu."

"Na kwa nini hukuupeleka? Ungekuwa umenishinda. Ungeutundika, mtaa wote ungekuja kuutazama, mimi ningefunga mlango wangu."

"Kwa sababu wewe ndiye mama yake."

"Na wewe umebaki na nini?"

"Nimebaki na sahani ya kuosha," nilisema.

Alinitazama. Hakuwa amewahi kunitazama hivyo, usoni, muda wote huo. Macho ni yale yale ya Doniyor, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau au sikuwahi kupewa nafasi ya kulijua. Aliufunga mkate tena ndani ya miraba myekundu, taratibu, kwa mkono mmoja ulio mzima, na uliposhindwa kufunga fundo nikamshikia ncha ya pili.

"Msumari uko juu," alisema, bado anatazama fundo. "Aliupigilia marehemu baba yake, siku Doniyor alipoitwa jeshini. Aliupigilia juu kwa sababu alikuwa mrefu, hakufikiria wengine. Mimi na bega hili sifiki."

"Mjomba atakusaidia."

"Mjomba!" Alisonya kuelekea kwenye gari. "Huyo hata soksi zake hazifikii." Akanipima kwa macho. "Wewe unafika?"

"Nafika, mama."

"Basi uje Jumapili. Uje na nyundo, msumari umelegea."

Niliwaza niseme ndiyo nikimbie, nisimpe nafasi ya kugeuza maneno. Lakini nimeshaonja uchungu wa mambo yanayofichwa.

"Jumapili nyumbani kuna wageni," nilisema. "Wa Jizzakh. Wanakuja na mikate."

Karomat aliushika mkate wa mwanawe vizuri zaidi kifuani, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari. Alipofika mlangoni akagonga kioo kumwamsha mjomba, kisha akanigeukia.

"Waambie hupo, Hulkar," alisema. "Waambie umekwenda kwa mama mkwe wako kutundika mkate."